Betri Hukaa Chini ya Kiti

Watu wa Makongeni wakikutana nami hadi leo huniuliza habari za kigari kabla ya kuniuliza habari zangu. Siwalaumu. Si kila siku utaona gari la gofu limeegeshwa mbele ya zile nyumba za wafanyakazi wa reli, kati ya kamba ya nguo na pipa la maji. Nasema vile vigari vidogo vya umeme ambavyo wenye pesa hupanda kufuata mpira wao kwenye nyasi, ili wasichoke wakiwa mazoezini. Chetu kilikuwa na viti vyekundu, paa jipya, kioo cha mbele, taa za rangi nne na redio. Kilikuwa na kila kitu isipokuwa mwendo.

Kilikuwa cha mama. Ndivyo ilivyosemwa siku kilipoletwa.

Mama aliuza omena, wale dagaa wa ziwani. Baba alipokuwa hai akifanya kazi reli, omena ilikuwa ya kuongezea tu mboga. Baba alipofariki, omena ikalipa kodi, ikanunua unga, ikatusomesha sisi wote wanne. Aliuzia kwenye soko dogo lililo nje ya geti la estate, na alikuwa na mahali pake kando ya mama mmoja muuza nyanya ambaye walianza naye wakiwa wasichana. Sikumbuki asubuhi ambayo mama aliamka akasema leo siendi. Mvua ikinyesha alijifunika nailoni akaenda. Siku moja baada ya kumzika baba alirudi kutoka nyumbani magharibi, akaoga, akachukua gorogoro lake, lile kopo la kupimia, akaenda.

Halafu magoti yakamkataa. Sukari nayo ikashuka hadi kwenye miguu, ikafanya makao. Kutoka mlangoni petu hadi sokoni si safari. Unavuka mtaro juu ya bamba la zege, unapanda kimlima kifupi, unapita geti, umefika. Lakini kwa mama ile ilikuwa Mlima Kenya. Boda boda hakuweza kukalia. Tuktuk ilihitaji vijana wawili wamshike kwapani wamwingize na kumtoa, na baada ya kuijaribu mara mbili alikataa kabisa. "Mimi si gunia," alisema. "Gunia ndilo hubebwa likapangwa."

Sasa lazima nieleze jambo la mahali pale sokoni, kwa maana bila hilo mtu ataona nimekasirikia upuuzi. Soko letu halina hati. Mahali pako ni pako kwa sababu unakuja. Siku ukikosa, jirani yako anaweza kukutandikia gunia hapo chini na kuliwekea jiwe juu, na gunia hilo likiwa hapo ni kama wewe mwenyewe umeketi. Hata mlevi hawezi kulikanyaga. Lakini gunia halikai milele. Kamati ya soko ikiona mwenyewe haonekani mwezi kwa mwezi, hulikunja, na mahali hupewa mtu mwingine. Mama wa nyanya alimtandikia mama gunia kila asubuhi kabla hata ya kupanga nyanya zake, na jioni akienda nyumbani alipitia kwetu kumpa habari.

"Leo pia ulikuja sokoni," alikuwa akimwambia.

"Niliuza?" mama anauliza.

"Hukuuza, dada. Ulikaa tu ukiringa."

Wanacheka wote wawili. Lakini mama alijua, na mimi nilijua, kwamba mzaha huo ulikuwa na mwisho. Alitaka kitu kimoja tu katika dunia hii: ajipeleke mwenyewe, kwa nguvu zake au za kitu anachokiendesha mwenyewe, akaketi mahali pake kabla gunia halijakunjwa.

Hapo ndipo kaka yetu mkubwa alipoleta kigari.

Kaka ni mhasibu na anakaa upande wa kule kwenye nyumba za mageti. Miaka ya karibuni aliingia gofu. Kwetu hakuna aliyewahi kuona gofu ila kwenye televisheni ya kinyozi, kwa hivyo alipoanza kuja kutusalimia na ile kofia, mama alidhani anaumwa macho. Klabu yake ilikuwa inabadilisha vigari, vile vikuukuu vikauzwa kwa bei ya kutupa, naye akamkumbuka mama. Nampa haki yake: alimkumbuka. Alikileta Jumapili baada ya ibada, juu ya pikapu, na mstari wetu wote wa nyumba ukatoka nje. Kilikuwa kimechakaa, viti vimechanika, lakini sakafu yake ilikuwa chini sana, chini kuliko kiti cha plastiki. Mama akaweka mguu mmoja, akashika mhimili, akaweka wa pili, akaketi. Hakuna aliyemgusa.

Nilikuwa sijamwona akipanda kitu mwenyewe kwa muda mrefu hivi kwamba nililazimika kuingia ndani kujifanya naangalia kuku jikoni. Nilipotoka, kaka alikuwa amekiwasha. Kikaenda polepole kutoka kwenye pikapu hadi karibu na mtaro, mama ameshika usukani kwa mikono miwili, watoto wanakimbia kando. Pale mtaroni kikanyamaza.

"Ni sevisi ndogo tu," kaka alisema. Lakini picha zilikuwa zimeshapigwa.

Picha zile zilijaa kwenye grupu ya familia ya WhatsApp kabla hajamaliza kula. Kuna sisi wanne humo: kaka mkubwa, dada yetu mwenye duka la mapazia Eastleigh, ndugu yetu wa tatu anayefanya kazi Ghuba, na mimi kitindamimba, niliyebaki na mama, ninayechapa hati kwenye kibanda karibu na mahakama ya Makadara. Dada aliandika, "Asante kaka, umemheshimisha mama." Wa Ghuba akatuma mikono ya kuomba. Vijana walikuwa bado wanasukuma kigari kukirudisha mlangoni.

Nilitafuta fundi wa umeme wa magari anayejulikana pale mtaani, kijana mcheshi ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kuvisha matatu taa na miziki. Aliinua kiti cha mbele kama mtu anayefunua sufuria. Chini yake mlikuwa na betri sita zimepangwa, zimevimba, na vichwa vyake vimeota unga mweupe.

"Madam, hizi zilikufa kitambo," alisema. "Hapa ni kama makaburi."

"Zinapatikana wapi?"

"Jaribu Indasi, kwa wasee wa forklift. Lakini usiharakishe. Kwanza tuangalie hii bodi."

Sikumsikiza kuhusu bodi, yaani sura ya nje. Kesho yake, saa ya chakula cha mchana, nilitembea hadi Industrial Area na picha ya betri kwenye simu. Niliingia duka baada ya duka. Katika la kwanza walicheka, "Gofu? Na wewe unatoka upande gani?" Katika la pili waliniuzia maneno tu. Katika la mwisho alikuwepo mama mmoja nyuma ya kaunta, mnene, hana haraka, anakula mahindi ya kuchemsha. Aliangalia picha, akaniambia ndiyo, aina hiyo ipo. Nikamuuliza kama naweza kuanza na moja, mwezi ujao nichukue nyingine. Ndivyo tunavyonunua kila kitu huku kwetu. Mafuta ya kupikia tunapimiwa, sukari tunapimiwa, hata dawa ya meno kuna wanaoiuza kwa kukamua.

"Sita, ama usichukue hata moja," alinijibu. "Ukiweka mpya kati ya tano zilizokufa, hizo tano zitaivuta. Usinirudie hapa ukilia."

Nikaandika hayo kwenye grupu, maneno yake vilevile. Nikaeleza na habari ya gunia, kwamba kamati imeanza kuuliza. Jioni dada akajibu.

"Vile viti vimechanika sana, mama atakaaje hapo? Viti niachieni mimi."

Wa Ghuba akaandika, "Na jua je? Mimi natoa paa na kioo cha mbele."

Kaka mkubwa akaandika, "Safi sana. Huo ndio umoja wa familia."

Niliisoma ile mistari nikiwa nimesimama, nikarudia kuisoma. Hakuna aliyekataa kununua betri. Hakuna aliyezitaja. Utadhani nilikuwa nimeandika Kichina.

Nawajua watu wangu, na nikisema watu wangu simaanishi nyumba yetu peke yake. Nimekaa kwenye harambee tangu nikiwa mgongoni. Nimeona mtu akisimama kutoa sufuria kubwa ya kanisa, jina lake likasomwa, akapigiwa makofi ya kilo, na gesi ya kupikia kwenye sufuria ile ikakosa mtoaji mwaka mzima. Kwetu mtu hutoa kinachoonekana. Atatoa zulia la madhabahuni, hatatoa choo. Kiti chekundu kikikaliwa na mama kila atakayepita atauliza ni nani alikishona, na jibu lipo. Betri hukaa chini ya kiti. Nani atauliza habari za kitu ambacho mama amekikalia?

Msomaji atasema, na wewe je? Mimi nililipa dawa za sukari, kodi, maji na unga, na nikanunua chaja, kwa sababu kigari kilikuja bila chaja. Chaja nayo haionekani. Sikupata hata kidole gumba kwenye grupu.

Nikawa miguu yao sasa. Nilifuatana na dada hadi kwa mafundi wa viti vya matatu, ambao wamekaa kando ya barabara na cherehani zao chini ya turubai. Alichagua ngozi nyekundu, ile inayong'aa. Akataka kwenye mgongo wa kiti padariziwe neno MAMA kwa uzi wa dhahabu, na alibishana na fundi kuhusu ule uzi mpaka mimi nikaketi kwenye jiwe. Dhahabu ya kwanza ilikuwa njano mno, ya pili ilikuwa kama haradali. Nilimwambia, "Dada, hicho kiti kitakaa palepale mlangoni. Mama anataka kwenda sokoni." Akanitazama kama mtoto aliyemwaga chai. "Wewe kila kitu kwako ni matanga," alisema. "Acha mama apendeze."

Paa lilikuja, la turubai zito lenye nakshi pembeni. Kioo kikaja. Fundi wetu wa taa naye akaingiwa na roho ya kazi. Nilirudi kutoka Makadara nikamkuta amelala chini ya kigari, nyaya zimetapakaa kama tambi, anaweka taa za bluu chini ya sakafu.

"Nani amekutuma uweke hizo taa?" nilimuuliza.

"Bro yenu mkubwa. Na redio pia. Ukigeuza ufunguo inajiwasha yenyewe, siste. Mathe akipita, mtaa mzima utajua."

"Atapitaje? Tuanze na betri!"

Alitoa kichwa, akacheka kwa upole, maana alikuwa kijana mzuri na ndiyo sababu nilishindwa kumchukia. "Siste, hujui hii kazi. Nganya huanza na sura. Injini ni ya mwisho."

Nganya ni matatu iliyopambwa ikapambika. Na kweli, alikuwa anasema alivyofundishwa: kwao gari huingizwa gereji likavishwa kwanza, kisha tajiri akiona lilivyopendeza hutoa pesa za injini bila kunung'unika. Kaka yangu hakuwa tajiri wa namna hiyo. Akiona limependeza, alipiga picha.

Kazi ilipokwisha, mama alitoka kwa mkongojo wake, akakizunguka. Nyuma fundi alikuwa ameandika kwa rangi, "Baraka za Mathe". Mama alipapasa kiti, akagusa taa, akaangalia paa.

"Bibi arusi wamemvalisha vizuri," alisema. "Bwana arusi yuko wapi?"

Walioelewa walicheka. Dada aliyekuwepo akadhani ni shukrani, akamkumbatia.

Ikawa kila asubuhi mama anavaa aproni yake, anachukua gorogoro, anatoka, anapanda kwenye kigari mlangoni petu na kuketi. Majirani walimsalimia. Wageni wa majirani walikuja kupiga picha naye, wasichana wa shule wakaegemea kioo. Yeye alishika usukani na kutazama mbele, upande wa geti. Nilikuwa nikiondoka kwenda kazini nikimwacha hapo, na mara nyingi sikugeuka nyuma kwa kuogopa nitakachosema.

Siku moja vijana wa mstari wetu waliamua kumsukuma. Walikuwa na nia njema. Walimvusha mtaro, wakampandisha kile kimlima wakiimba, na wanawake wa soko walipoona paa lenye nakshi linachomoza getini wakapiga vigelegele. Mama wa nyanya alisimama, akaliondoa jiwe kwenye gunia kumpisha mwenyewe. Lakini mama akainua mkono, akawaambia vijana wageuze. Hawakuelewa. Akasema tena, "Nirudisheni." Waliporudi, alikaa kitandani akavua viatu bila kuniangalia.

"Kesho watachoka," alisema. "Keshokutwa watakuwa na kazi zao. Nitakuwa nikiwaomba kila siku kama mtu anayeomba maji. Soko siendi nikisukumwa kama mkokoteni."

Niliandika tena kwenye grupu. Safari hii sikuweka adabu. Niliuliza kama kuna mtu anayejua kusoma. Dada akasema lugha yangu si ya kikristo. Lakini Krismasi kaka alikuja, na alikuja na betri.

Moja.

Alikuwa ameifungia utepe. Alisimama kando ya mama, betri kati yao, wakapigwa picha. Nilimwambia alivyosema yule mama wa duka. Nilimwambia mbele ya watu, kwa sauti ambayo haikumpendeza.

"Wewe hupenda kutatiza mambo," alisema. "Haba na haba hujaza kibaba. Leo moja, mwakani nyingine."

Fundi akaiweka. Kigari kilitambaa kutoka mlango wetu hadi mlango wa tatu, taa zikiwaka bluu na nyekundu, redio inaimba, watu wanapiga makofi, kikakata. Kabla ya Pasaka ile betri mpya nayo ilikuwa imevimba kama zile nyingine. Methali ile ni ya watu wenye mahindi ya kupima. Betri si mahindi.

Halafu alasiri moja ya Jumamosi mama wa nyanya alikuja mapema kuliko kawaida. Mama alikuwa ameketi kwenye kigari na mimi nafua. Yule mama hakuanza na mzaha wake. Alikuwa na gunia chini ya kwapa, limekunjwa vizuri, kama mtu anayerudisha leso aliyoazimwa.

"Dada, wamempa mtu," alisema. "Niliwabembeleza. Nimewabembeleza tangu jana."

Mama alilipokea gunia akaliweka mapajani, juu ya gorogoro.

"Na jiwe?" aliuliza.

"Jiwe nimeliacha pale."

"Ungeniletea."

Mama wa nyanya akaanza kulia, na mama ndiye aliyembembeleza. Mimi niliendelea kusugua shati moja mpaka likachanika begani. Kesho yake mama hakutoka kuketi kwenye kigari. Wala keshokutwa. Nilikifunika kwa nailoni, na paka wa jirani akazalia kwenye kiti cha uzi wa dhahabu. Mama alianza kulala mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na akiulizwa alisema hana anachokiamkia. Alifariki mvua za masika zilipokuwa zinakwisha. Daktari aliitaja sukari na moyo, na sina ugomvi na daktari. Lakini mimi nilikuwepo alipoliuliza lile jiwe.

Tukaweka matanga. Hema lilifungwa kati ya mistari miwili ya nyumba, viti vya kukodi vikaja, na kamati ikakaa sebuleni kwetu, kaka akiwa mwenyekiti. Mipango ilikuwa ibada ya kumuaga hapa, kisha safari ya kumpeleka nyumbani magharibi. Walipofika kwenye msafara wa kutoka estate hadi kanisani, dada akapata wazo, na akalisema huku machozi yanamtoka.

"Kile kigari chake kitangulie. Kibebe picha yake na maua."

Wote wakapenda. Kuna aliyesema jambo kama hilo halijawahi kuonekana Makongeni nzima. Kisha yule fundi, aliyekuwa amesimama mlangoni na sahani ya chakula, akakohoa.

"Lakini si hakina betri."

"Betri ni ngapi?" kaka akauliza. Aliuliza kweli, kama mtu anayesikia mara ya kwanza.

"Sita, mkubwa."

"Zinunuliwe."

Basi. Hivyo tu. Kesho yake kabla ya saa sita mchana zilikuwa zimepangwa barabarani mbele ya hema, nyeusi, zinang'aa, zote sita. Kaka alitoa, dada akatoa, wa Ghuba akatuma, na hata watu wa gofu walichanga. Zilipigwa picha kabla hazijaingia chini ya kiti, na nikaziona kwenye grupu zikiwa na maneno, "Kwa ajili ya safari ya mwisho ya Mama". Sitaandika kwamba nilihuzunika. Niliwachukia. Niliwachukia nikiwapakulia wali.

Siku ya kuaga kigari kiliwaka kwa ufunguo wa kwanza. Kaka ndiye aliyeendesha, amevaa miwani myeusi, na picha ya mama imefungwa kwa utepe kwenye kiti cha kando yake. Kilivuka mtaro bila kushtuka, kikapanda kimlima bila kulalamika. Kilikuwa kimya kabisa, maana redio ilikuwa imezimwa kwa heshima. Wanawake wa soko walisimama wote. Pale mahali pa mama palikuwa na meza ya mtu anayeuza vifuniko vya simu, na jiwe alikuwa ameliweka chini ya mguu mmoja wa meza isitikisike. Nililiona, na mama wa nyanya aliniona nikiliona.

Tulimzika, tukarudi. Nilidhani yamekwisha.

Jumamosi iliyofuata kaka alikuja peke yake, bila dada, bila kofia. Alikunywa chai. Akauliza kama nyumba nitaiacha. Halafu akatoa spana kwenye mfuko wa koti na kuiweka mezani kando ya kikombe.

"Zile betri," alisema. "Naona zitakaa hapa bure zife. Kule kwangu nina sola, umeme ukipotea watoto wanasoma kwa shida. Kigari chenyewe kitabaki. Ukumbusho."

Ufunguo ulikuwa kwenye msumari ukutani, nikauchukua nikatoka. Alidhani naenda kumfungulia kiti. Niliondoa nailoni, nikakung'uta manyoya ya paka, nikaketi nikaegemea neno MAMA, nikawasha. Redio ikajiwasha yenyewe kama fundi alivyoahidi, wimbo ndio kwanza unaanza, wa injili, wa kupiga makofi. Nikaenda.

Sijawahi kuendesha kitu chochote, lakini kigari hicho hata mgonjwa angekiendesha, na ndiyo maana kililetwa. Nilivuka mtaro. Nyuma nilimsikia kaka akiniita kwa lile jina langu la utotoni, kisha nikasikia viatu vyake. Nikapanda kimlima. Nikapita geti. Muuza vifuniko vya simu alivuta mguu wake, nikasimama mbele ya meza yake, na mama wa nyanya akaacha kupima, nyanya ziko mkononi.

Nilikuwa nimefika. Nilikaa nikishika usukani kwa mikono miwili kama alivyokuwa akishika yeye, nikangoja wimbo uishe. Haukuisha. Ulikuwa bado katikati, kwaya haijarudia hata kiitikio mara ya pili. Huo ndio ulikuwa umbali wote.

Kaka alifika akihema, spana mkononi. Wanawake wote wa soko walikuwa wanamtazama, wale waliopiga vigelegele siku ile na waliosimama siku ya kumuaga mama.

"Una wazimu?" aliniuliza chinichini. "Turudi nyumbani."

Nilishuka. Nikainua kile kiti chekundu, betri zote sita zikaonekana mchana kweupe, nikamsogezea ufunguo.

"Zitoe hapa," nilimwambia. "Hapa watakuona vizuri."

Alisimama na ile spana. Akamtazama mama wa nyanya, akatazama chini, na redio iliendelea kuimba.